Kwa kinga katika Limburg, inchi ya makala, maji na mashato

Sisi watu wa Katanga tunajua kinga. Asubuhi mapema, kwenye njia ya Kasenga ao ya Kipushi, unaona wanaume wanasukuma kinga zenye mifuko ya makala mine ao tano, kichwa chini, jasho likianguka. Kwetu kinga ni punda. Leo nataka nikupeleke pahali ambapo watu wanapanda kinga pasipo muzigo, na wanatafuta makusudi njia mbaya: muchanga, potopoto, mizizi ya miti, mawe. Kinga yenyewe inaitwa VTT, ni kusema kinga ya kila udongo. Pine zake ni nene na zenye meno, kwa mbele iko na resori za kupokea mitikisiko, na vitesi vyake ni vingi. Pahali penyewe ni jimbo la Limburg, upande wa mashariki-kaskazini ya Ubelgiji.

Pengine utauliza: kwa nini Limburg? Inchi ile haina milima. Watu wa VTT si wanapenda milima ya Uswisi? Ni kweli. Lakini mimi nachagua Limburg kwa sababu ni inchi ya migodi sawa yetu, na kila kitu utakachoona kule, toka musitu mpaka maji, kiko na alama ya mukono wa muchimbaji.

Sikia kwanza habari yake kidogo. Mwaka 1901, katika kijiji cha As, mwalimu wa chuo kikuu cha Leuven jina lake André Dumont alitoboa udongo na kukuta makala ya mawe, kama yale ya kwetu Luena, lakini bora zaidi na chini sana. Migodi saba ikafunguliwa: Winterslag, Waterschei, Zwartberg, Eisden, Beringen, Zolder na Houthalen. Winterslag ilikuwa ya kwanza kutoa makala, mwaka 1917. Muji wa Genk, uliokuwa kijiji cha wakulima maskini, hata watu elfu tatu hawakufika, ukawa muji munene; leo wakaaji wake wanapita 60 000. Watu wa shimo walitoka pande zote: Poloni, Italia, Ugiriki, Hispania, Uturuki, Maroko. Kampani iliwajengea nyumba, masomo, hospitali na kanisa. Nyumba ya enjinia ilikuwa kubwa yenye miti mbele, nyumba ya muchimbaji ilikuwa ndogo yenye shamba la mboga nyuma. Sina lazima ya kukueleza zaidi: mutu yeyote aliyekomalia katika kambi ya Union Minière ao ya Gécamines anajua mambo hayo.

Kisha migodi ikafungwa. Zwartberg ilitangulia mwaka 1966. Wafanyakazi walikasirika, kukawa fujo katika njia, na watu wawili wakakufa. Eisden na Waterschei zilifungwa 1987, Winterslag 1988, Beringen 1989. Zolder ilikuwa ya mwisho, mwaka 1992. Houthalen ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Zolder zamani. Basi, katika maisha ya mutu mumoja tu, kazi ya makala ilianza, ikanenepa, ikaisha.

Hapa ndipo habari ya kinga inaingia. Kulikuwa enjinia mumoja wa migodi, Hugo Bollen. Baada ya kufungwa, alifanya kazi ya kutunza mazingira ya Limburg, na akawaza namna ya kuwaongoza watu wanaotembea kwa kinga. Wakati ule, kama ulitaka kutembea, ulipaswa kufuata njia moja iliyochorwa na watu wengine toka mwanzo mpaka mwisho. Ukichoka katikati, shida yako. Bollen akakumbuka shimo. Chini ya udongo, pahali ngalari zinapokutana, kuliwekwa alama ili mutu ajue yuko wapi na aende wapi, hata katika giza. Akasema: tufanye vile vile juu. Kila makutano ya njia za kinga ipewe namba. Kibao kinakuonyesha namba yako, na mishale inaelekeza kwa namba za jirani. Mutu anaandika namba zake kwenye kipande cha karatasi, tuseme 72, 75, 91, 90, anaenda. Akitaka kurudi mbio, anageuza namba. Akipotea, anatafuta namba iliyo karibu.

Ilianzishwa mwaka 1995. Leo Limburg peke yake iko na karibu kilomita 2 000 za njia hizo, na majimbo mengine ya Flandria, Uholanzi, na hata sehemu za Ujerumani zimeiga. Mimi, wapenzi vijana, ndilo jambo linalonishangaza kuliko mashato yote. Haikuomba mashini kubwa. Ilikuwa vibao, rangi, namba, na mutu aliyekuwa na akili ya shimo.

Bon, tupande sasa. Tuseme uko na siku mbili, na umeshuka kwenye gari la moshi katika steshoni ya Genk.

Pima kwanza pine zako. Katika muchanga wa Kempen (ndilo jina la sehemu ile), pine yenye mupepo mwingi inachimba kama jembe. Toa mupepo kidogo, pine itanepa na kupita juu. Chagua vitesi vyepesi mbele ya kuingia katika muchanga, si wakati umekwisha kukwama. Kaa nyuma kidogo kwenye kiti, usikamate guidon kama unamukamata mwizi. Acha gurudumu la mbele litafute njia lenyewe. Kwa kaske ya kichwa, usibishane.

Anzia Winterslag. Minara miwili ya shimo ingali imesimama, ya chuma, sawa ule wa Kipushi unaouona toka mbali. Tangu mwaka 2010 majengo ya mugodi yamekuwa nyumba ya michezo, sinema na maonyesho, wanaiita C-mine. Nyuma kuko terili. Usiwaze terili ya Lubumbashi, ile nyeusi ya mabaki ya furu, iliyoanza kupitishwa tena katika moto kutafuta kobalti katika miaka ya 2000. Terili za Limburg ni mawe tu yaliyopanda pamoja na makala, yakatenganishwa na kutupwa. Kwa miaka, miti imeota juu yake pasipo kupandwa. Kwa mutu wa VTT, katika inchi tambarare kama meza, terili ndiyo mulima. Kule Beringen wametengeneza terili yenye urefu wa karibu mita 60: watoto wanapanda katikati ya miti mingi iliyosimamishwa kukumbusha nguzo za shimo, na watu wa kinga wako na njia zao pembeni. Mulima ambao babu aliujenga pasipo kujua, mujukuu anauteremka kwa makelele ya furaha.

Toka Winterslag, telemuka kusini-mangaribi mpaka Bokrijk. Hapa unaingia katika inchi ya maji. Wanaita De Wijers, na wakaaji wanapenda kusema ni inchi ya maziwa 1 001. Kweli, maziwa yanapita elfu moja, madogo madogo, yametandazwa katika sehemu za miji saba. Usifikiri Mungu aliyaumba hivyo. Watu waliyachimba: wengine walitafuta udongo wa kuwasha moto, wengine mawe ya chuma, kisha mashimo yakajaa maji na kufugwa samaki. Masista wa abasia ya Herkenrode, karibu na Hasselt, walinunua Bokrijk mwaka 1252, na shamba hilo likawalisha kwa karne nyingi. Siku za kufunga nyama zilikuwa nyingi, samaki ilihitajiwa. Shato utakaloona Bokrijk, lenye minara ya matofali, si la wakati wao. Lilijengwa mwisho wa karne ya 19, wakati matajiri walipenda nyumba zenye sura ya zamani. Kando yake, tangu mwaka 1958, kuko muzeo wa nyumba za wakulima zilizobomolewa pahali pengine na kujengwa tena pale, ubao kwa ubao.

Karibu na hapo kuko ajabu. Njia ya kinga inateremka na kuingia katikati ya ziwa. Si daraja. Walikata ziwa kwa kuta mbili za beto, na njia ikapita katikati, urefu wake mita 212, upana mita 3. Ukipita, uso wa maji uko sawa na macho yako, kuume na kushoto. Bata anaogelea, anakuangalia kama jirani kwenye dirisha. Ilifunguliwa mwaka 2016, na watu wanatoka mbali kuiona. Mutu wa VTT pengine atacheka, ataseme ni njia ya bibi na watoto, beto tupu. Mwache acheke. Pita polepole.

Kisha toka kwenye beto, fuata vibao vya VTT. Rangi zinaonyesha ugumu: kijani ni rahisi, buluu inazidi, nyekundu ni ya watu waliozoea, nyeusi ni ya mabingwa. Mutu wa mara ya kwanza achukue buluu. Katika mabwawa ya De Maten, upande wa Genk, njia ni nyembamba kati ya majani marefu na maji. Mizizi ya miti inavuka njia, na ikilowa inateleza kama sabuni. Usipige freni juu ya muzizi. Piga mbele yake, kisha acha kinga ipite yenyewe. Na usitoke njiani hata kama njia imejaa potopoto. Kuko vyura vidogo vya kijani vinavyokaa juu ya miti, karibu vilipotea kabisa katika Flandria, na maziwa haya ndiyo kimbilio lao. Kuko ndege pia wanaojificha katika majani marefu, sauti yao kama mutu anayepuliza katika chupa tupu.

Nisisahau jambo moja juu ya maji. Wachimbaji walipotoa makala chini, udongo wa juu ulishuka, pahali pengine kwa mita kazaa. Sehemu ambazo zamani zilikuwa kavu sasa ziko chini kuliko mito na mifereji. Hata leo mapompi yanatoa maji usiku na muchana ili nyumba za watu zisizame. Migodi imefungwa tangu zaidi ya miaka 30, lakini deni lake kwa udongo halijaisha. Watu wa Kipushi watanielewa: kazi ya shimo lao ilisimama mwaka 1993, ikaanza tena 2024, na wakati wa katikati maji hayakuchukua konje.

Tuendelee. Vuka mufereji wa Albert, uliochimbwa kati ya mwaka 1930 na 1939 ili mashua yatoke Liège mpaka Antwerpen, na utaona udongo umegeuka. Muchanga umeisha. Sasa ni udongo muzito wa manjano, wenye mboleo, na vilima vidogo vyenye mashamba ya tofaa, peasi na sheri. Ni Haspengouw. Katika mwezi wa nne miti yote inachanua maua meupe na ya waridi, na wajuzi wanasema ndiyo wakati wa kwenda. Mimi nakuonya tu: kama mvua imenyesha, udongo huo unajaa kati ya pine na chuma mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Chukua kijiti, toa udongo, endelea.

Katika bonde dogo, upande wa Bilzen, utaona Alden Biesen. Sasa hili ndilo shato kamili: maji yanalizunguka, minara minene, kanisa, nyumba za farasi, bustani. Waaskari watawa wa Chama cha Kijermani walipewa kanisa dogo pale mwaka 1220, wakajenga kidogo kidogo, na majengo makubwa unayoona leo ni ya karne ya 16 mpaka ya 18. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwafukuza. Tarehe 8 ya mwezi wa tatu 1971 moto uliliunguza vibaya. Serikali ikalinunua na kulitengeneza, na leo ni nyumba ya mikutano, muziki na masomo. Mulango wa uwanja uko wazi, unaweza kuegemeza kinga yako kwenye ukuta na kula mukate wako. Ninyi vijana mutauliza kama wakulima waliolima ile mashamba walikula tofaa zao wenyewe. Ni ulizo zuri. Shato lolote ukiliona, uliza nani alibeba mawe.

Lala kijijini. Siku ya pili elekea mashariki mpaka muto Maas, unaotenganisha Ubelgiji na Uholanzi. Katika sehemu hii hakuna mashua kubwa; muto ni wa mawe madogo na visiwa, unapanda sana wakati wa mvua. Pale Leut kuko shato la jamaa ya Vilain XIIII. Ndiyo, wanaandika nne kwa vijiti vine, XIIII, ni sehemu ya jina lao, si kosa la mutu wa kupiga chapa. Kutoka hapo fuata mufereji wa zamani, Zuid-Willemsvaart, mpaka Eisden.

Eisden ndipo ningependa usimamishe kinga kwa saa nzima. Kambi ya wachimbaji ingali nzuri: njia zenye miti mikubwa, nyumba zenye vibustani na uzio wa majani. Kanisa lake wanaliita katedrali ya mugodi, ni la Mutakatifu Barbara, mulinzi wa wachimbaji, yule ambaye tarehe 4 ya mwezi wa kumi na mbili wachimbaji wa inchi nyingi wanamukumbuka. Katika kiwanja cha mugodi wenyewe, tangu mwaka 2001, kuko maduka mengi ya nguo na viatu vya majina makubwa. Nyuma ya maduka, terili na maziwa vimekuwa mulango wa mbuga ya Hoge Kempen, mbuga ya kwanza ya taifa katika Flandria, iliyofunguliwa 2006.

Kwa hiyo, je, kinga na mbuga vilileta mukate? Tuseme kweli. Vibao vya namba havikuweza kulisha maelfu ya jamaa za wachimbaji. Wengi walienda kwenye fabriki ya magari ya Ford pale Genk, nayo ikafungwa mwaka 2014. Lakini jambo moja lilifanyika ambalo ningetamani kila mukubwa wa kampani alisikie. Feza zilizobakia katika hesabu ya kufunga migodi hazikurudi zote katika muji mukuu. Mwaka 1994 ziliwekwa katika kampani ya kuendeleza jimbo lenyewe, LRM, ili kusaidia kazi mpya kuanzishwa katika Limburg. Huku kwetu, mwaka 2003, watu zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kazini katika ile tuliyoita départs volontaires. Kila jamaa ilipewa feza zake, ikaenda kupambana peke yake. Wengine walinunua mashini ya kusaga, wengine kinga ya kubeba makala. Jimbo lenyewe lilipewa nini? Baba na mama munaosoma, ongeeni na watoto juu ya jambo hilo, wako wengi hawalijui.

Toka Eisden panda juu ya Hoge Kempen, na hapa ndipo kazi ya miguu. Ni mulimo wa mawe na muchanga ambao muto Maas uliacha zamani sana, wakati wa barafu. Njia inapanda katikati ya misitu ya misonobari, miti mirefu iliyonyooka yenye majani kama sindano. Musitu huo ulipandwa kwa sababu ya shimo. Muti wa musonobari, ukitiwa uzito, unalia mbele ya kuvunjika. Unapasuka polepole kwa sauti. Kwa hiyo wachimbaji waliupenda kuwa nguzo ya ngalari: ukisikia nguzo inalia, unakimbia. Chuma hakisemi kitu. Ni watu wangapi waliokolewa na sauti ya muti, hakuna aliyehesabu.

Ukitoka musituni unaingia katika uwanda wazi wa vichaka vifupi, ambavyo katika mwezi wa nane vinachanua vyote rangi ya zambarau mpaka mwisho wa macho. Kuko ndege wa usiku anayetaga mayai chini kabisa, pasipo tundu. Ndiyo sababu wanakataza kupita nje ya njia, na wakati fulani njia zingine zinafungwa. Muchanga ni mwingi. Utasukuma. Hakuna haya, hata mabingwa wanasukuma.

Kempen ya muchanga ina ukumbusho wetu mwingine pia, lakini mbali na hapa, upande wa mangaribi, katika kijiji cha Olen. Ni pale, tangu mwaka 1922, mawe ya Shinkolobwe yalitengenezwa radium. Ukitaka kwenda ni safari nyingine. Njia ya namba inafika huko pia.

Mwisho, teremka mpaka Waterschei. Jengo kubwa la mugodi wa André Dumont limetengenezwa, na kando yake kuko manyumba mapya ambamo wajuzi wanachunguza umeme wa jua, mabateri na namna ya kupasha nyumba moto pasipo makala. Mabateri, unajua, yanaomba kobalti. Toka pale mpaka steshoni ya Genk ni njia fupi, yote ya lami. Mbele ya kupanda gari la moshi, nunua tikiti ya kinga pia, si yako peke yake. Osha shene, tia mafuta kidogo, rudishia pine mupepo wake. Na ujichunguze miguu, nyuma ya magoti na kiunoni: katika vichaka vile kuko kupe wadogo sana wanaoleta ugonjwa wa Lyme. Ukimuona, mutoe kwa koleo ndogo, polepole, pasipo kumuponda, na uandike tarehe. Ukiona mviringo mwekundu unaenea kwenye ngozi siku zinazofuata, nenda kwa munganga.